Kusomea Huduma ya Kanisa kwa Mtandao Ukiwa Unguja au Pemba: Mwongozo Kamili

Zamani waliotaka kusomea ukasisi walikuja Unguja. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, cha wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kililea vijana waliokuja kuwa walimu na makasisi wa mwanzo wa Kiafrika. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa ukasisi mwaka 1890. Leo njia imegeuka. Mtu wa Weti au Mbweni akitaka theolojia ya ngazi ya chuo, huambiwa apande boti aende Dodoma, Dar es Salaam au Usa River, akae huko miaka. Mwalimu wa skuli mwenye watoto wanne haendi. Katekista ambaye akiondoka hapabaki mtu wa kuongoza sala Jumapili, naye haendi.

Kwa watu hawa masomo ya mtandaoni yamefungua njia. Ila niweke msimamo wangu mapema, maana mwongozo wote umesimama juu yake: masomo haya yanafaa pale parokia yako inapokubali kuwa nusu ya chuo. Anayesoma chumbani peke yake, Padri hajui wala ushirika haujui, humaliza akiwa na cheti na hana pa kukitumia.

Kabla ya tovuti yoyote, mwone Padri

Mwone Padri au mchungaji wako, umweleze unachokusudia, kisha uombe akufikishe kwa Baba Askofu au kwa yeyote mwenye mamlaka hayo katika kanisa lenu. Chuo hutoa cheti. Daraja takatifu hutolewa na kanisa. Kwa Waanglikana, Askofu ndiye anayempokea mtu kuwa mtahiniwa wa daraja, humfanya shemasi kwanza na kasisi baadaye, na shahada uliyoipata bila yeye kujua haimfungi kwa lolote.

Nenda na maswali yaliyoandikwa. Je, dayosisi inakitambua chuo hiki? Kozi ya mtandaoni itatosha, au nitatakiwa kukaa kwa muda katika chuo cha Bara? Nani atanisimamia hapa parokiani? Dayosisi itachangia ada, hata kidogo? Ukishajibiwa, omba majibu hayo kwa maandishi, hata kama ni barua ya mistari mitano. Maaskofu hustaafu, na anayefuata hafungwi na mazungumzo ya sebuleni.

Makanisa hayafanani katika jambo hili. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa inataka anayeandaliwa kuwa padre asome falsafa na theolojia kwa miaka sita kamili au zaidi, isiyopungua miwili ya falsafa na minne ya theolojia, na malezi yake huwa seminarini. Hakuna njia ya mkato ya mtandaoni. Kwa walei mambo ni tofauti: mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista mlei, na mwanzoni mwa mwaka huohuo alikuwa amewafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na uakoliti (kuhudumu altareni). Katekista Mkatoliki wa Pemba anayesoma Maandiko au katekesi mtandaoni anafanya jambo linaloeleweka kabisa kwa kanisa lake.

Kwa dada na mama zetu kuna swali la kuuliza kabla ya kulipa hata shilingi. Kanisa la Kilutheri, KKKT, limekuwa likiwabariki wanawake kuwa wachungaji tangu miaka ya 1990. Katika Kanisa Anglikana la Tanzania, kila dayosisi huamua yenyewe. Uliza waziwazi dayosisi yako imesimama wapi. Kozi ileile inaweza kumfikisha mmoja kwenye uchungaji na mwingine kwenye ualimu wa walei. Zote ni huduma, lakini ujue unakoelekea.

Chagua ngazi inayolingana na kazi

Anayefundisha watoto wa Jumapili au kuongoza sala za asubuhi hahitaji shahada. Cheti cha mwaka mmoja chenye Agano la Kale, Agano Jipya, ibada na uchungaji kitamsaidia zaidi, na kitamwonyesha kama anaweza kusoma akiwa na kazi na familia. Wengi ninaowaona wakikwama walirukia shahada kwa sababu ya jina lake. Anza chini, panda ukishaona miguu inakubali.

Ukitazama sifa za kujiunga na vyuo vya Tanzania, mara nyingi utakuta sharti la ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Ndiyo, hata kwa anayekwenda kusomea dini. Alama yako nzuri ya somo la Biblia haitakusaidia hapo, kwa hiyo hesabu upya kabla ya kujaza fomu. Kwa shahada, njia ya kawaida ni kidato cha sita au stashahada inayotambuliwa. Mtu mzima ambaye vyeti vyake havifiki aulize kuhusu utaratibu wa kutambua mafunzo na uzoefu wa awali, maana upo.

Jambo jingine ni lugha. Kozi nyingi za mtandaoni za ngazi ya juu ni za Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kusoma tu na si cha kuandika, tafuta kwanza cheti cha Kiswahili, au tenga miezi michache ya kujizoeza kuandika kabla saa ya chuo haijaanza kukuhesabia.

Chunguza chuo kabla hakijakuchunguza wewe

Kwa chuo cha Tanzania, angalia kama kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali la elimu ya ufundi, kwa cheti na stashahada, au na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada. Usiishie kwenye jina la chuo. Angalia programu yenyewe, na uulize kama imeruhusiwa kufundishwa kwa masafa. Makumira na Mtakatifu Yohana cha Dodoma ni vyuo vikuu vya makanisa vinavyojulikana, lakini kozi gani wanaitoa kwa mtandao mwaka huu ni swali la ofisi ya udahili, si la rafiki yako aliyesoma huko zamani.

Afrika Kusini ina uzoefu mrefu wa elimu ya masafa. UNISA, chuo kikuu cha serikali ya huko, hufundisha theolojia kwa njia hiyo, na South African Theological Seminary, iliyoanza mwaka 1996, ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wa mbali. Kwa vyuo vya huko, hakikisha cheti au shahada unayoitaka imo kwenye daftari la SAQA, mamlaka ya huko ya sifa za elimu. Kwa Marekani, tafuta jina la chuo katika orodha ya CHEA, baraza la huko la ithibati ya elimu ya juu. Kuna pia ACTEA, chombo cha elimu ya theolojia cha Afrika kilichoanza mwaka 1976, ambacho hutoa ithibati kwa vyuo vya Biblia na seminari. Ithibati yake ina uzito kwa makanisa, ila si kibali cha serikali, na usivichanganye.

Chuo kinachokupa udaktari kwa «uzoefu wa maisha», kisichotaja majina ya wahadhiri wake, au kinachokuuzia shahada pamoja na cheti cha kuwekewa mikono katika bei moja, funga ukurasa. Visiwani kwetu tuko wachache. Mtu akijiita Daktari kwa cheti cha namna hiyo, habari hutangulia kufika Chake kabla yake.

Hata hivyo kozi isiyo na ithibati si lazima iwe mbaya. Yako mafunzo ya makanisa na ya mashirika yanayotolewa bure, yenye masomo mazuri kuliko ya baadhi ya vyuo. Kwa msomaji au kiongozi wa jumuiya anayetaka kuelewa Warumi, hayo yanatosha. Yatakuangusha siku utakapotaka kuendelea na shahada.

Piga hesabu ya saa, kisha ya fedha

Vyuo hutangaza kozi kwa krediti, na watu huzipita namba hizo bila kuzisoma. Tanzania, Uingereza na Afrika Kusini zote huchukulia krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusoma, kusikiliza, kuandika na mtihani. Moduli ya krediti 20 ni saa 200. Ukiigawa kwa wiki 20, ni saa 10 kila wiki. Marekani hesabu yao ni nyingine, kozi ya krediti tatu kwa muhula wa wiki 15 huja kama saa tisa kwa wiki.

Sasa chukua karatasi, uandike wiki yako ilivyo. Saa za kazi, safari za daladala, ibada, misiba, arusi, kikao cha wazee, kufua, watoto. Saa 10 zinatoka wapi? Usipoziona kwenye karatasi hutaziona kwenye maisha. Moduli moja kwa muhula inatosha kwa mwenye ajira na huduma. Mbili ni kwa mwenye likizo ndefu au mwenzi mwenye moyo mkubwa, na huyo mwenzi aulizwe, asitangaziwe.

Kwa ada, pendelea chuo kinacholipisha kwa moduli. Ukiumwa au ukifiwa, umepoteza moduli moja tu. Ada ikiwa kwa fedha za kigeni, uliza benki gharama ya kutuma na kiwango cha kubadilisha siku hiyo, kwa sababu shilingi ikishuka ada yako imepanda bila chuo kugusa kitu. Lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu. Ukiomba msaada parokiani, peleka bajeti ya ukurasa mmoja yenye ada, vifurushi, vitabu na nauli ya mtihani. Baraza la kanisa huchangia kitu wanachokiona.

Saa za ughaibuni

Hapa pamewaangusha wengi. Darasa la Jumanne saa 1 usiku kwa London ni saa 4 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 3 usiku wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba na sisi hatusogezi. Wamarekani husogeza tarehe nyingine, Machi na Novemba. Darasa la saa 12 jioni kwa Chicago litakukuta saa 8 au 9 usiku wa manane, na hapo heri utafute chuo kingine au kozi isiyo na vipindi vya moja kwa moja. Afrika Kusini wako nyuma yetu kwa saa moja tu, mwaka mzima.

Ukisoma barua ya chuo, kumbuka 7:00 pm ni saa 1 usiku, si saa 7. Linaonekana dogo mpaka ukose usaili. Mwisho wa kukusanya kazi nao hufuata saa ya chuo: saa 5:59 usiku wa tarehe 10 kwa London wakati wa baridi ni saa 8:59 usiku wa kuamkia tarehe 11 kwetu. Usiitegemee nafasi hiyo, umeme wa usiku haukusaini mkataba na chuo.

Umeme, kifurushi na kifaa

Unguja hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Wenye umri wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi katizo ni za saa, lakini katizo la saa moja katikati ya mtihani ni muhula mzima. Kwa hiyo jaza Tukuza (umeme wa kulipia kabla) mapema, chaji kompyuta mpakato na simu kabla ya Magharibi, na uwe na pawabenki inayoweza kuibeba simu kwa jioni nzima.

Simujanja inatosha kusoma na kusikiliza, haitoshi kuandika insha ya maneno 2,500. Kompyuta ya mitumba yenye betri nzuri ni bora kuliko mpya ya bei rahisi ambayo betri yake hudumu dakika arobaini. Vyuo vingi hutumia Moodle, mfumo wa darasa la mtandaoni, na programu yake ya simu huruhusu kupakua masomo, kuyasoma bila intaneti na, chuo kikiruhusu, hata kufanya jaribio na kulituma baadaye. Pakua wiki nzima mara moja, alfajiri au usiku mtandao ukiwa mwepesi.

Kwenye vipindi vya Zoom, zima kamera yako na uzime kupokea video. Saa moja ya video ya kikundi inaweza kula karibu GB 1. Sauti peke yake hula makumi machache ya MB. Mwandikie mkufunzi mwanzoni mwa muhula, kwa adabu na kwa kifupi, kwamba unaishi kisiwani, mtandao huyumba, utashiriki kwa sauti, na ukikatika utarudi. Wengi hukubali. Asiyekubali ni vyema ukamjua wiki ya kwanza.

Karatasi za maombi

Tatizo kubwa la karatasi zetu ni majina. Cheti cha ubatizo kinasema Yohana, cha skuli kinasema John, kitambulisho cha Mzanzibari kina jina la babu ambalo halipo pengine popote. Chuo cha mbali hakijui kwamba wote ni mtu mmoja. Tengeneza hati ya kiapo kwa wakili mapema, uiskani pamoja na vyeti, na tangu hapo tumia tahajia moja kila mahali, ikiwemo barua pepe.

Katika maelezo binafsi usijaze ukurasa kwa wito wako tangu tumboni mwa mama. Andika unahudumu kanisa gani, Jumapili unafanya nini hasa, watu wangapi mnasali, jambo gani umeshindwa kulijibu ukiulizwa na waumini, na utapata wapi saa zako 10 kwa wiki. Hayo ndiyo msomaji wa maombi anayoyatafuta.

Kusoma na kuandika: mfano wa Filemoni

Tuseme umepewa insha juu ya Waraka kwa Filemoni. Una mistari 25 tu. Isome kwa tafsiri za Biblia za Union na Habari Njema, mara kadhaa, kabla ya kugusa kitabu cha mtu mwingine. (Union ya 1952, kwa taarifa, ilizaliwa kwa kuunganisha tafsiri ya Unguja, iliyoanzia kwenye kazi ya Askofu Edward Steere, na ile ya Mombasa, unasoma mali ya nyumbani.) Kisha fungua STEP Bible, chombo cha bure cha mtandaoni kilichotokana na kazi ya Tyndale House, kituo cha utafiti wa Biblia cha Cambridge, uone neno la Kigiriki lililo nyuma ya «mtumwa» na limetumika wapi kwingine. Baada ya hapo ndipo uende maktaba: chuo chako kitakupa nywila, na maktaba ya mtandaoni ya Globethics ina makala nyingi za theolojia za kusoma bure.

Mwanafunzi wa Mjini Unguja huvutwa mara moja na Mkunazini, na si ajabu. Kanisa Kuu la Kristo limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Basi anaanza insha na soko, anaandika kurasa mbili za minyororo, na waraka wenyewe unapata aya moja. Mkufunzi atakata alama. Anza na waraka. Paulo anasema angeweza kuamuru, lakini anaomba, kwa nini? Katika mstari wa 16 anataka Onesimo apokewe kama «zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa». Je, huko ni kuomba aachwe huru, au ni kuomba apokewe vizuri akiwa bado mtumwa? Wataalamu hawakubaliani, nawe unatakiwa uchague upande na uutetee kwa maandishi yenyewe.

Hoja kama «Filemoni inatufundisha upendo» haimkatazi mtu kitu, hivyo haina kazi. Linganisha na hii: «Paulo hatoi amri ya kumwachia Onesimo huru, ila kwa kulichukua deni lake katika mstari wa 18 na 19 anamwondolea Filemoni kisingizio cha mwisho cha kumtendea kama mali.» Hapo mtu anaweza kubisha, na insha ina safari ya kwenda. Mkunazini ilete mwishoni, ukiuliza waraka huu ulisomwaje mahali ambapo watu waliuzwa. Sehemu hiyo mwanafunzi mwenzako wa Chicago hawezi kuiandika kama wewe.

Mtindo wa kunukuu fuata ule wa chuo, neno kwa neno. Kwenye mimbari tumezoea kuchukua mfano wa mhubiri mwingine na hakuna anayeuliza. Chuoni huo ni wizi, na programu ya kukagua huuona. Vivyo hivyo kwa insha zilizoandikwa na akili mnemba. Soma sharti la chuo chako kabla ya kuigusa.

Parokia iwe nusu ya chuo

Mfumo wa theolojia kwa enezi ulianza Guatemala mwaka 1963, katika seminari ya Wapresbiteri, kwa sababu tunazozijua sana: waliopelekwa mjini kusoma hawakurudi vijijini, na viongozi halisi wa makanisa walikuwa wakulima wasioweza kuacha mashamba. Wakagawa kazi mara tatu: mtu asome nyumbani, akutane na wenzake na mkufunzi kila wiki, na afanye huduma palepale anaposoma. Mtandao umerahisisha ile ya kwanza. Hizo nyingine mbili ni kazi yako kuzipanga.

Mwombe Padri saa moja kila baada ya wiki mbili. Nenda na jambo moja ulilosoma na jambo moja lililokutokea katika huduma, mfano mgonjwa uliyemtembelea na hukujua umwambie nini. Weka daftari la huduma lenye tarehe, kazi, na maoni ya Padri, na saini yake kila mwezi. Vyuo vingi huhitaji ushahidi wa mafunzo kwa vitendo, na siku ya kuhojiwa na kamati ya watahiniwa daftari hilo husema zaidi ya alama. Tafuta pia wenzako wawili au watatu, hata wa madhehebu tofauti. Aliye Weti na aliye Mwanakwerekwe wanaweza kukutana kwa WhatsApp ya sauti kila Alhamisi na kwa uso pale mmoja anapovuka.

Majirani zako ni Waislamu, na hilo liingie kwenye masomo yako. Ukipewa moduli juu ya Uislamu, usitegemee vitabu vya ng'ambo peke yake. Muulize jirani anavyoielewa ibada yake mwenyewe, kwa ruhusa yake, na mwambie kwamba ni kwa ajili ya masomo. Usimgeuze kuwa mada ya mjadala barazani. Ramadhani panga upya ratiba: jioni nyumba nyingi zina pilika za futari, usiku kuna tarawehe, na sauti ya kipindi chako ivae spika za masikioni.

Mtihani na cheti

Uliza kabla ya kujiandikisha kama mtihani utafanywa nyumbani mbele ya kamera au kwenye kituo. Kama ni kituo, kiko wapi? Boti, malazi na siku za kazi ulizokosa ni sehemu ya ada. Kama ni kamera, fanya jaribio la mfumo siku kadhaa kabla, kwenye chumba na saa ileile utakayotumia, na uwe na laini ya pili ya simu tayari.

Ukipata shahada ya chuo cha nje na unataka itumike kwa ajira au kwa kuendelea na masomo nchini, ipeleke TCU ikatathminiwe. Omba chuo matokeo rasmi yaliyofungwa kwa muhuri angalau nakala mbili, maana kuyaomba baadaye ni gharama na subira. Nakala moja ya cheti na ya daftari la huduma ipelekwe ofisi ya dayosisi, ikapokelewe kwa saini, iingie kwenye faili lako pamoja na ile barua ya mistari mitano.